Herufi Moja, Elfu Sitini

Karatasi imechanwa kutoka kwenye daftari la kaunta na pembeni ina alama ya mafuta ya pilau. Ina mistari saba kwa mwandiko wa mhariri wa video mwenye umri wa miaka 22: prosesa, mazabodi, RAM, diski, pawa saplai, kasha, UPS. Mbele ya kila neno kuna bei iliyokatwa na nyingine kuandikwa juu yake. Ya RAM imekatwa mara tatu. Chini kabisa, kwa wino mwekundu wa mtu mwingine, imeandikwa 1,600,000 na kupigiwa mistari miwili. Wino huo ni wa shangazi yake. Yeye ndiye mweka hazina wa kikoba, na pesa inayozungumzwa ni ya kikoba.

Wahusika wa mjadala huu ni wa kutungwa, wamekalishwa sebuleni Tabata siku ya Jumapili ili hoja zipate midomo. Bei zao ni za karatasi hiyo tu. Vifaa wanavyobishania, lakini, vipo madukani, na tabia zake ni hizo hizo kwa yeyote anayetaka kuunganisha kompyuta yake ya kwanza kwa pesa ya kuhesabu. Yupo binti mhariri, anayeishi kwa kazi za harusi, send-off na kitchen party. Yupo mdogo wake wa kiume, kidato cha tano, ambaye kwake kompyuta ni magemu na mengine ni porojo. Yupo shangazi. Yupo fundi wa Kariakoo, aliyealikwa kutoa ushauri na kula. Na yupo kaka yao mkubwa aliyeko Dubai, anayesikika kwenye simu iliyoegeshwa kwenye jagi la maji.

Shangazi ndiye aliyefungua. "Mwanangu, kabla hujanisomea majina ya Kizungu, niambie kitu hiki kitaingiza nini."

Binti hakuwa na jedwali. Alikuwa na laptopu. Akaifungua mezani, akacheza video ya send-off ya wiki iliyopita iliyopigwa kwa 4K. Bibi harusi mtarajiwa akatokea mlangoni mwa ukumbi, mguu mmoja hewani, akaganda. Sauti ikaendelea bila yeye: vigelegele, MC, muziki, kisha vigelegele tena. Mguu ulipotua, wageni wa mbele walikuwa wameshakaa. Hivi ndivyo anavyohariri, alieleza, kwa kukisia midomo. Kazi ikiwa kubwa hukodi kiti studio kwa saa, na mwisho wa mwezi mwenye studio huwa amekula nusu ya malipo.

"Hiyo nimeielewa," alisema shangazi. "Endelea."

Fundi alitaka yaishie hapo hapo. "Dada, usijenge. Nunua iliyojengwa." Akainua kutoka sakafuni kiroba alichokuja nacho, ndani yake Dell OptiPlex 7060, mnara mweusi uliowahi kukaa chini ya meza ya ofisi fulani huko Ulaya. Prosesa Core i5-8500, viini sita, toleo la 2018. Laki tano na nusu. "Ukiwa na kazi za leo leo, hii inafanya leo. Ikisumbua, unajua ninapokaa."

Hoja ya fundi ni nzito kuliko wengi wanaoshabikia kompyuta za kuunganisha wanavyotaka kukiri. Kompyuta za ofisi zimetengenezwa ziwake saa nane kwa siku kwa miaka, zina leseni yake ya Windows, na hujapoteza Jumamosi nzima ukitafuta skrubu iliyodondokea chini ya kochi. Kama binti angekuwa anafungua steshenari ya kuchapa barua na kutoa kopi, mjadala ungeisha kabla ya chai, na ungeisha kwa fundi kushinda.

Tena alikuwa mkweli kuhusu bidhaa yake. Alionya wasivutwe na zile za bei ya kutupa, zenye Core za kizazi cha sita na cha saba. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha ya prosesa za Intel zinazokubaliwa na Windows 11 inaanzia, isipokuwa chache mno, kizazi cha nane. Ofisi za ughaibuni zinatupa za nyuma kwa wingi, na huku zinafika kwa makontena. "Winga atakuonyesha Windows 11 inawaka humo ndani," alisema. "Inawaka kweli. Imelazimishwa. Siku ikigoma kupokea sasisho, winga keshahamia kuuza viatu."

Shangazi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Laki tano na nusu kutoka milioni moja na laki sita; sehemu kubwa ya pesa inabaki kikobani. Binti akaomba bisibisi.

Alipoufungua ule mnara aliwaonyesha kiplagi kimoja. Kwenye kompyuta ya kawaida, umeme huingia kwenye mazabodi kwa plagi ndefu ya pini 24, pana kama kidole cha kati. Hapa palikuwa na kiplagi kifupi, cha Dell peke yake. Pawa saplai yenyewe, ya wati 260, imekatwa kwa umbo la kasha hilo. Ikiungua, huendi dukani kununua nyingine; unamtafuta mwenye mnara kama huo uliokufa kwa ugonjwa mwingine. Na mazabodi ukiitoa humo, hailingani na kasha lolote la dukani.

"Mimi nilianza na cherehani ya mtumba," alisema shangazi, "na imesomesha watu humu ndani."

"Shangazi, ile cherehani sindano ikikatika unanunua duka lolote. Bobini vivyo hivyo. Hii ikikatika sindano tunamtafuta aliyeitengeneza."

Kimya kidogo. Fundi mwenyewe alicheka. Binti alikuwa ametaja, bila kulitaja jina, jambo ambalo ndilo uti wa mgongo wa kompyuta za kuunganisha: kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Kinasema matundu ya skrubu yakae wapi, plagi iwe na umbo gani, pini ipi ibebe volti ngapi. Kwa sababu yake mazabodi ya Taiwan, pawa saplai ya China na kasha lililosukumwa kwa mkokoteni kutoka Msimbazi hukutana mara ya kwanza mezani kwako na kuelewana. Kamusi huiita mazabodi ubao mama. Kariakoo hakuna anayeiita hivyo, ingawa jina linafaa: wengine wote hukaa mapajani pake.

Fundi alirudi kwa upande mwingine. Mnara wake una sloti ya kadi ya grafiki, na sloti hiyo hutoa hadi wati 75. Ziko kadi zinazotosheka na hizo, kwa mfano GTX 1650 ya 2019 katika matoleo yasiyodai waya wa ziada. "Unaiweka, umemaliza."

"Na baada ya hiyo?"

"Baada ya hiyo unauza mzima mzima, unanunua mwingine. Sikudanganyi."

Basi karatasi ikarudi katikati ya meza. Ila ule mnara nao ulibaki hapo, mdomo wazi, na utarudi kwenye habari hii kwa namna ambayo fundi hakuikusudia.

Mdogo mtu alikuwa akisubiri zamu yake kwa shida. Orodha yake aliijua kwa kichwa: Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 580 ya gigabaiti 8, aliyoiona mtandaoni kwa bei ya kushangaza. Alimpa fundi simu aone picha. Fundi akaikuza kwa vidole viwili hadi pembe ya boksi ikajaa kioo, kisha akasoma kwa sauti: "2048SP."

RX 580 iliyotoka Aprili 2017 ina vichakataji vidogo 2304 ndani yake. Mwaka 2018 likatokea, kwa soko la China, toleo lenye 2048, idadi ile ile ya RX 570, likabaki na jina la kaka yake. Kisheria si feki. "Hiyo ni 570 iliyoazima shati," alisema fundi. Zaidi ya hapo, kadi za ukoo huo nyingi zilitumika kuchimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, mpaka tarehe 15 Septemba 2022 mfumo wa sarafu hiyo ulipobadilika na mashine za kuchimbia zikakosa kazi ndani ya siku moja. Kadi iliyotoka mgodini si lazima iwe mbovu. Feni zake zimezeeka na mafuta ya kupoozea yamekauka, na RX 580 hula wati 185 ikichangamka.

"Basi mpya. RX 6500 XT," alisema mdogo mtu, asiyekata tamaa.

Hapo ni dada mtu aliyemjibu, kwa kuwa jambo hili alikuwa amelikesha. Kadi hiyo ya Januari 2022 inacheza magemu ya kiasi, lakini haina kabisa sehemu ya kusimba video, ile inayoibana picha kuwa H.264 au HEVC wakati wa kutoa kazi iliyokamilika. Kwa mcheza gemu si tatizo. Kwa mtu anayetoa video ya harusi ya saa tatu, ni kununua mashine ya kufulia isiyokamua. Mtengenezaji hafichi, ila boksi halina sababu ya kutangaza kisichokuwemo.

Kutoka hapo kijana alipata hoja yake bora, na dada yake hakuipa heshima iliyostahili. Kama kadi hakuna, alisema, chukua Ryzen 5 5600G. Viini 6, nyuzi 12, na grafiki yake ya ndani ina nguvu kuliko ya Intel za bei hiyo. Yote ni kweli. Kwa nyumba ambayo kompyuta moja itahariri mchana na kucheza gemu usiku, 5600G ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Ina bei yake iliyofichika: akiba yake ya ndani ya kiwango cha tatu ni megabaiti 16 wakati 5600 ya kawaida ina 32, na njia yake ya kwenda kwenye kadi ya grafiki ni ya kizazi cha tatu cha PCIe badala ya cha nne. Siku utakapoongeza kadi, utakuwa na prosesa dhaifu kidogo kuliko pacha wake. Lakini kwa leo, kijana hakukosea. Alishindwa kwa sababu pesa haikuwa yake, na hilo katika familia ni hoja kamili.

Jagi la maji likazungumza. "Mnaniruhusu?"

Kaka yao anaishi Bur Dubai, si mbali na Barabara ya Khalid Bin Al Waleed, ambako maduka ya kompyuta yamepangana na ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki huchukua mzigo. Yeye aliona wote wanazungumzia vitu vya jana. Soketi ya AM4 ilianza kubeba Ryzen mwaka 2017. Ile ambayo dada yake ameiandika kwenye karatasi, LGA1700 ya Intel, imebeba vizazi vitatu tu, cha 12, 13 na 14, kisha Oktoba 2024 Intel ikahamia soketi nyingine. "Mnajenga kwenye kiwanja ambacho barabara imeshahamishwa. Nunueni AM5. Ilitoka Septemba 2022 na bado prosesa mpya zinaingia humo humo. Baada ya miaka mitatu mnachomoa moja mnachomeka nyingine."

Ni hoja ya mtu anayejua. AM4 yenyewe ni ushahidi wake: waliojenga na Ryzen za kwanza waliweza, kwenye mazabodi nyingi, kufika hadi mfululizo wa 5000 kwa kusasisha programu ya ubao tu. Dada mtu alijaribu kusema kwamba hata LGA1700 ataweza baadaye kuweka i7 ya mtumba, fundi akamkatisha: kwenye mazabodi ya bei ya chini, yenye chipu ya H610, prosesa kubwa italemea saketi za kuigawia umeme. Kwa hili alipigwa chini, na alinyamaza kama mtu aliyepigwa.

Kilichomwinua ni RAM.

AM5 haipokei RAM nyingine isipokuwa DDR5. Na kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei za RAM zilipaa, kwa sababu viwanda vichache vinavyotengeneza sehemu kubwa ya RAM ya dunia, Samsung, SK Hynix na Micron, vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba, ambako faida ni kubwa. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo waunganishaji wa kompyuta walikuwa wamelizoea kwa karibu miaka 30. Ndiyo maana mstari wa tatu wa karatasi ulikuwa na mikato mitatu. Bei aliyoiandika binti alipoanza kudunduliza haikuwa bei tena.

"Hata DDR4 imepanda," alisema kaka.

"Imepanda," alikubali binti, "ila DDR4 ipo ya mtumba." Akageukia mnara uliokuwa mezani. "Fundi, hizo zilizomo humo ni nini?"

Fundi alichungulia ingawa alijua. Vijiti viwili, gigabaiti 8 kila kimoja, DDR4 vya urefu kamili, vya kompyuta ya mezani. Dell ilijitengenezea plagi yake, kasha lake na umbo lake, lakini RAM ilichukua ile ile ya watu wote. Kule dukani kwake anayo droo nzima ya vijiti vya namna hiyo, vilivyotolewa kwenye minara iliyokufa. Vinakwenda kwa kasi ya 2666 badala ya 3200, tofauti ambayo bibi harusi hataiona. Akataja laki moja na arobaini kwa jozi.

Kwa hiyo kiwanja cha barabara iliyohamishwa kilipata faida yake: mazabodi nyingi za H610 hutolewa kwa aina mbili, ya DDR4 na ya DDR5, na mwanya katika kijiti cha kila aina umekaa mahali tofauti, huwezi kukosea hata ukitaka. Lazima tu usome boksi kabla hujalipa. Anayepanga kukaa na kompyuta miaka kumi amsikilize kaka. Anayetaka ianze kulipa deni mwezi ujao, kwa soko lilivyo sasa, ana sababu nzuri ya kuchagua soketi iliyozeeka. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa binti, huku akijua kwamba bei ya RAM ikishuka kaka ataonekana nabii.

Vijiti viwili vya 8, au kimoja cha 16 ili sloti moja ibaki wazi? Walibishana dakika kumi. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Huazima RAM, na vijiti viwili humpa mwazimaji milango miwili. Vikawa viwili.

Ndipo wakafika kwenye prosesa yenyewe, na kwenye herufi.

Karatasi ilisema Core i5-12400, shilingi 390,000. Mdogo mtu alikuwa ameona mahali wanauza i5-12400F kwa 330,000. Viini 6 kwa 6, nyuzi 12 kwa 12, kasi ile ile. Aliiweka hoja yake mbele ya shangazi, si mbele ya dada yake, kwa kuwa alishajua mezani pale nani ni nani. "Elfu sitini kwa herufi moja, shangazi. Na ukiiondoa hiyo herufi ndiyo bei inapanda."

Shangazi alivua miwani. Swali lilikuwa la kwake kabisa.

Tofauti hiyo haikubuniwa Kariakoo. Intel ilipozitangaza Januari 2022, bei elekezi zilipishana kwa dola 25. F, ambayo imekuwepo tangu 2019, ina maana sehemu ya grafiki ndani ya prosesa imezimwa. Kwa mwenye kadi ya grafiki ya nje, hajapoteza kitu cha maana, ameokoa dola 25. Kwa asiye nayo, kompyuta itawaka, feni zitazunguka, taa zitapendeza, na skrini itabaki nyeusi, kwa sababu hakuna wa kuichora picha.

"Kwa hiyo hiyo ya elfu sitini pungufu," aliuliza shangazi, "inadai kadi ya shilingi ngapi?"

"Ya maana? Laki tano kwenda juu," alisema fundi.

"Mnaniuzia kiatu cha mguu mmoja."

Lakini kwa mhariri kuna zaidi ya picha kwenye skrini. Ndani ya sehemu hiyo ya grafiki mna saketi ndogo iitwayo Quick Sync, ambayo Intel imekuwa ikiiweka kwenye prosesa zake tangu 2011. Kazi yake ni moja: kufumbua na kufumba video. Ile 4K inayotoka kwenye simu na kamera nyingi huja imebanwa kwa HEVC, na kuifumbua kwa nguvu za viini vya kawaida ndiko kulikomgandisha bibi harusi mlangoni. Programu nyingi za uhariri huitumia Quick Sync; Adobe Premiere iliitumia kutoa video tangu 2018, wakati kadi za Nvidia na AMD zilipewa nafasi hiyo hapo Mei 2020. Hata binti akija kununua kadi mwakani, saketi hiyo itaendelea kumsaidia, na kadi ikiharibika atachomeka waya wa skrini nyuma ya mazabodi na kuendelea na kazi ya Jumamosi.

Kaka, kutoka kwenye jagi, alikubali bila kuombwa. Mdogo mtu alitazama dari.

Pawa saplai ingepita haraka kama fundi asingetoa kwenye kiroba kitu cha pili: kiboksi cha wati 500, elfu arobaini na tano, kilichopakwa rangi ya fedha. Kwenye karatasi palikuwa na nyingine ya 550 kwa laki moja na sabini. Shangazi alizishika zote mbili kwa zamu, ya binti akiwa ameazima dukani kwa ajili ya kuonyesha. Ya fedha ilikuwa nyepesi kama pakiti ya maandazi. Uzito si kipimo cha kitaalamu, ingawa shaba na aluminiamu zina uzito na hewa haina.

Binti akamwonyesha ubavuni, kwenye lebo, safu iliyoandikwa +12V. Karibu kila kinachokula umeme mwingi katika kompyuta ya leo hula kutoka kwenye mstari huo. Kwenye ile ya fedha paliandikwa ampia 20.

"Zidisha kwa 12, shangazi."

"Mia mbili na arobaini." Aligeuza upande wenye tangazo. "Hapa wameandika mia tano. Hizo mia mbili sitini nyingine ziko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Kwenye ile ya pili palikuwa na ampia 45. Alizidisha mwenyewe, akapata 540, akairudisha mezani taratibu kama anayemwekea mtu akiba. Ile ya fedha ilikuwa pia na swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Mtoto akiisogeza kwenda 115 katika nyumba yenye umeme wa volti 230, kuna mlio, kuna moshi, na mara nyingine mlio huo huondoka na mazabodi. Na nembo ya 80 Plus aliyoiulizia kaka? Ipo tangu 2004 na inapima kiasi gani cha umeme unaolipia LUKU kinafika kwenye kompyuta badala ya kugeuka joto. Ni jambo jema. Haipimi kama kifaa kitastahimili umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo mara nne jioni moja, na ndiyo sababu UPS ilikuwa kwenye karatasi tangu mwanzo na haikukatwa hata pale wino mwekundu ulipopita juu yake. Prosesa ile ikikimbia kwa nguvu zote hula wati 117. UPS ya 650VA, ambayo haibebi wati 650 bali mia tatu na kitu, itampa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu.

Kasha walilipitisha bila mjadala, elfu tisini, mradi lina wavu wa vumbi mbele. Diski ikawa NVMe ya gigabaiti 500, laki moja na tisini. Ukijumlisha na mazabodi ya 220,000 na UPS ya 190,000, inafika 1,390,000. Shangazi alijumlisha mara mbili, kisha akauliza: picha itaonekana wapi? Hakuna aliyekuwa ameandika skrini. Fundi akatoa ya mtumba kwa laki na ishirini. Mstari wa nane ukaongezwa, na jumla ikawa 1,510,000.

"Na leseni ya Windows," alisema fundi, kwa upole wa mtu aliyekuwa akiitunza hoja yake ya mwisho. "Mnara wangu unayo."

Binti hakuwa na jibu. Palibaki elfu tisini, na hapo kibodi na mausi vilikuwa bado. Shangazi akaandika kwa wino mwekundu, chini ya mistari yake miwili: leseni, mwezi ujao.

Jumamosi iliyofuata fundi alikaa kitini, mikono kwapani, akakataa kugusa chochote. "Ya kwanza uunganishe mwenyewe." LGA1700 ina pini 1700 nyembamba kama nywele, nazo zimo kwenye mazabodi, si kwenye prosesa; ukiidondosha prosesa kombo, umenunua mazabodi nyingine. Binti alilinganisha kipembetatu cha dhahabu na cha soketi, akaiachia kwa uzito wake wenyewe, akabana wenzo. Wenzo ule unataka nguvu kuliko moyo unavyoruhusu, na hutoa mkwaruzo wa kitu kinachovunjika. Kifuniko cheusi cha plastiki kikaruka na kutua kwenye bakuli la karanga. Mdogo mtu akapiga kelele. Fundi hakuinuka.

Saa kumi jioni wakawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Mdogo mtu alitamka herufi F kwa sauti ya chini, akatazamwa vibaya. Binti alizima, akachomoa waya wa umeme, akapitisha kidole juu ya vijiti vya RAM. Kimoja kilikuwa kimeinuka upande, milimita mbili hivi. Akakisukuma mpaka kikalia, ta!, akawasha tena.

Yakatokea maandishi meupe kwenye uwanja wa bluu: jina la prosesa, saa isiyo sahihi, nyuzijoto 34. Shangazi alivaa miwani akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Milioni moja na nusu," alisema, "imetuletea maandishi." Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kumbukumbu, uliosomeka 16384 MB, akamgeukia binti.

"Hii elfu kumi na sita mia tatu themanini na nne. Ni salio au ni deni?"